Mtungi Umejaa, Mtoto Bado Anakosa Hewa

Mtungi wa oksijeni ulikuwa umejaa. Mshale wa geji ulisimama juu kabisa, gololi ndani ya kipimo cha mtiririko ilielea kwenye lita mbili kwa dakika, na mirija miwili midogo ilikaa sawasawa puani kwa mtoto wa miezi minane, imebandikwa plasta shavuni kwa usafi. Mpita njia angesema hapa kazi imefanyika. Lakini oksimita, kifaa kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, kwenye dole gumba la mguu ilisoma 83, na ilikuwa imesoma 83 kwa dakika 20.

Nilikuwa nimekwenda pale kufundisha. Nikamwomba muuguzi wa zamu kikombe cha maji safi. Tukautoa mrija puani, tukazamisha ncha zake majini. Hakuna povu hata moja. "Sista, mtungi una hewa, angalia geji," aliniambia, na alikuwa anasema kweli. Tukaushika mpira kwa vidole, tukaufuata kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kichupa cha maji kinachoning'inia chini ya geji. Mfuniko wake ulikuwa umefungwa upande, nyuzi hazikushikana, na oksijeni yote ilikuwa inavujia pale ikiingia wodini. Tukafungua, tukafunga upya. Kikombe kikabubujika. Dakika chache baadaye namba ilikuwa 92, na mtoto akaacha kuguna.

Yule muuguzi kijana hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake na watoto zaidi ya 20, na kila alichofundishwa chuoni alikifanya: alifungua mtungi, akapanga lita, akabandika mrija. Ila hakuna aliyewahi kumfundisha kuifuata hewa kutoka mtungini mpaka kwenye damu ya mtoto. Tangu UVIKO-19 tumeona mitambo ya kuzalisha oksijeni ikijengwa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na ni jambo la kushukuru sana. Lakini bomba la mtambo linaishia ukutani. Kutoka ukutani hadi kwa mtoto ni kazi ya muuguzi, na hapo ndipo fungu la mafunzo huwa dogo kuliko yote.

Oksijeni inafanya nini hasa

Nimonia, ambayo nyumbani wengi tunaiita kichomi, inaua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaoua watoto wengi kiasi hicho. Oksijeni haiui kijidudu cha nimonia. Dawa za kuua vijidudu ndizo zinazofanya kazi hiyo, na huchukua siku moja, mbili, hata tatu kabla mapafu hayajaanza kufunguka. Katika siku hizo vifuko vya hewa vimejaa usaha na maji, na hewa ya kawaida, ambayo ni asilimia 21 tu ya oksijeni, haitoshi kupenya. Kazi ya oksijeni ni kumbeba mtoto avuke siku hizo akiwa hai.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha oksijeni kuwa dawa muhimu kwa wagonjwa wenye upungufu wa oksijeni kwenye damu. Kabla ya hapo ilikuwemo orodhani kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Neno "dawa" hapa lina uzito. Dawa ina kipimo chake, ina njia ya kuitoa, ina madhara ikizidi, na ina siku ya kuiacha. Ukiichukua oksijeni hivyo, mambo mengi ya wodini yanabadilika, kuanzia namna ya kuiandika kwenye faili.

Namba inayotajwa kila mara ni 90. Mtoto akiwa chini ya asilimia 90 anapewa oksijeni. Kwa nini 90, na si 85? Fikiria kilima chenye uwanda juu. Kutoka 99 hadi 92 au 91 unatembea kwenye uwanda: mapafu yanaweza kulemewa kidogo na damu isipoteze mzigo mkubwa. Ukikaribia 90 unafika kwenye ukingo, na baada ya hapo ni mteremko mkali. Mtoto mwenye 88 akibanwa na makohozi kidogo tu, au akilia sana wakati wa kuchomwa sindano, anaweza kuporomoka hadi 70 mbele ya macho yako. Tena kwa mtoto mwenye dalili za hatari, yaani aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, au ambaye mzunguko wake wa damu umelegea, hatusubiri afike ukingoni. Huyo anaanzishiwa oksijeni akiwa chini ya 94.

Macho, mikono, kisha kifaa

Muuguzi anaanza na macho yake. Anamfunua mtoto kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani kwa mama. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huyo anapumua haraka kupita kawaida. Kisha anatazama: mbavu za chini zinabonyea ndani anapovuta hewa? Matundu ya pua yanatanuka? Kichwa kinatikisika kwa kila pumzi? Anaguna? Ananyonya au ameshindwa?

Nikiwa mwanafunzi niliambiwa nitafute rangi ya buluu kwenye ulimi. Ni dalili ya kweli, lakini inachelewa mno. Na kwa watoto wetu, wengi wanaokuja na malaria na upungufu wa damu, buluu inaweza isionekane kabisa, kwa sababu damu yenyewe ni chache mno kuonyesha rangi. Mtoto anaweza kuwa na 80 na midomo yake ikaonekana imepauka tu. Ndiyo maana oksimita si anasa.

Kifaa hiki hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu iliyobeba oksijeni hunyonya mwanga huo tofauti na damu isiyobeba, na kifaa hufanya hesabu yake kwa kufuata mdundo wa mshipa. Wazo la kuutumia mdundo lililetwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini kifaa hudanganyika: mdundo ukipotea, hesabu imepotea. Mguu wa baridi, mtoto anayerusha miguu, kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha kichanga, rangi ya kucha, piko ya harusini, mwanga mkali wa jua la dirishani, vyote hivyo huleta namba ya uongo. Basi muuguzi afundishwe kutosoma asilimia kabla ya kutazama mapigo ya moyo kwenye kioo kile kile. Kifaa kikisema mapigo 70 na wewe kwa stetoskopu umehesabu 150, hiyo asilimia iliyoandikwa pembeni haina maana yoyote. Pasha mguu joto, badili kidole, subiri mawimbi ya mapigo kwenye kioo yatulie.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wenye ngozi nyeusi kifaa hiki huonyesha namba ya juu kuliko ukweli mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Ulifanywa kwa watu wazima, lakini kwangu onyo lake linatosha: mtoto anayeguna na kubonyea kifua, namba ikiwa 91, sitamrudisha kwenye foleni.

Kwamba kifaa hiki pamoja na oksijeni ya uhakika huokoa maisha, tunalo jibu kutoka Papua New Guinea. Hospitali tano ziliwekewa mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, oksimita, na mafunzo kwa wauguzi na mafundi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: vifo vya watoto wenye nimonia vilishuka kutoka karibu 5 katika kila 100 hadi karibu 3. Dawa za nimonia zilikuwa zile zile.

Lita ngapi, kwa njia ipi

Mirija ya puani ndiyo njia inayofaa watoto wengi. Kichanga aanzie nusu lita hadi lita moja kwa dakika, mtoto wa chini ya mwaka lita moja hadi mbili, mkubwa zaidi anaweza kufika lita nne. Baada ya hapo namba ndiyo inayoongoza, unapandisha au unashusha. Barakoa ya usoni inatamanisha kwa sababu inaonekana "ya nguvu", lakini ikiwa na mtiririko mdogo, chini ya lita tano, mtoto huvuta tena hewa chafu aliyoitoa mwenyewe. Nimeona barakoa ya mtu mzima imefunika uso wote wa mtoto mchanga, lita mbili, mama ameishikilia kwa upendo wote. Mama hana kosa hapo.

Kwa mtiririko mdogo wa puani, kile kichupa cha maji wala hakihitajiki, kwa sababu pua ya mtoto yenyewe huipasha hewa joto na kuilainisha. Huyo mtoto wa 83 angenusurika na dakika 20 za kuhangaika kama kichupa kisingekuwepo. Maji yakikaa siku kadhaa bila kubadilishwa, nayo huwa makazi ya bakteria.

Hesabu ya mtungi ifundishwe kwa kalamu na karatasi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukimpa mtoto mmoja lita moja kwa dakika utadumu saa 113, karibu siku tano. Watoto wanne, kila mmoja lita mbili, utakwisha kwa saa 14 hivi. Yaani ukiufungua saa mbili usiku, utakauka kabla ya saa nne na nusu asubuhi, wakati kila mtu yuko kwenye raundi. Mashine ya kuchuja haikauki, ila inategemea umeme, na chujio lake la nje linaziba vumbi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ndani ya mashine kuna punje za zeolaiti zinazoinasa hiyo naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Chujio likiziba, mashine inaendelea kunguruma kama kawaida huku oksijeni ikipungua. Kulisuuza kila wiki kwa maji na sabuni na kulikausha ni kazi ya dakika kumi, na ni lazima iwe na jina la mtu kwenye ratiba.

Bibi na kidole chake

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakimo kwenye mitaala mingi. Usiku mmoja bibi wa mtoto alisimama kati yangu na kitanda.

"Mwanangu, msimwekee hiyo. Mtoto wa jirani aliwekewa hiyo hiyo, kesho yake tukazika."

Woga huu nimeukuta kila nilikofanya kazi, na una mantiki yake. Kwa miaka mingi oksijeni ilikuwa adimu, ikawekwa kwa mtoto aliyekwisha kufika mlangoni mwa kifo. Watu waliona mpira, kisha waliona jeneza. Kumkemea bibi hakufuti alichokiona.

"Shikamoo bibi. Poleni sana kwa mtoto huyo. Naomba kwanza kidole chako."

Oksimita ikasoma 97. Nikamwekea mama wa mtoto, 98. Nikamwekea mjukuu, 84. Bibi hakuwahi kukaa darasani, lakini fedha za sokoni anazihesabu vizuri, na namba alizijua. Nikamwambia hiyo ni hewa iliyomo kwenye damu, na ya mjukuu wake imepungua. Tutamwongezea, na yeye mwenyewe ataiangalia. Tukaweka mirija, lita moja. Ilipofika 93 bibi alivuta stuli akakaa karibu. Saa tisa usiku ndiye aliyeniita: "Sista, imeshuka!" Kweli ilikuwa imeshuka, makamasi yaliziba tundu moja la mrija.

Jamaa wa mgonjwa akielekezwa anakuwa jicho la pili, na wodi yenye muuguzi mmoja usiku haiwezi kumudu bila jicho hilo. Anaelekezwa pia kutogusa gololi, kutowasha moto wala kiberiti karibu, kutopaka mafuta ya mgando kwenye pua ya mtoto, na kuita wakati wa kunyonyesha badala ya kuuvua mrija kimya kimya.

Ikizidi

Kwa watoto njiti oksijeni nyingi ni sumu ya macho. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, maelfu ya watoto njiti katika nchi tajiri walipofuka, na mwaka 1954 ikathibitika kwamba oksijeni iliyomiminwa bila kipimo ndiyo iliyohusika: ilivuruga mishipa midogo ya damu ya macho ambayo haijakomaa. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wa waliopoteza kuona kwa njia hiyo. Kwa hiyo njiti akiwa kwenye oksijeni, 99 si namba ya kushangilia. Isizidi 95. (Akiwa anavuta hewa ya kawaida, 99 haina shida, hofu ni ile tunayoileta sisi.)

Kifaa kikipanda daraja, hatari nayo hupanda. Kuna njia inayoitwa CPAP ya mapovu: hewa hupelekwa puani kwa msukumo, na mwisho wa mpira huzamishwa majini kwa kina kilichopimwa, ili vifuko vya mapafu vibaki wazi. Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba watoto wenye nimonia kali waliowekewa njia hiyo walikufa 4 katika 100, wakati waliopewa oksijeni ya kawaida yenye mtiririko mdogo walikufa 15 katika 100. Wengi tulifurahi. Kisha ikajaribiwa katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, mahali ambapo daktari hasimamii wodi kila siku, kwa watoto wenye nimonia kali na hatari nyingine juu yake, kama utapiamlo au VVU. Matokeo yakatoka mwaka 2019: waliowekewa CPAP walikufa 17 katika 100, wa oksijeni ya kawaida 11. Wagonjwa hawakufanana, na wodi hazikufanana. Dhaka madaktari walikuwepo mchana na usiku. Mimi nikisoma matokeo hayo mawili pamoja sioni sababu ya kuichukia CPAP. Naona sababu ya kuuliza, kabla kifaa hakijafunguliwa kwenye boksi, nani atakuwa kando ya kitanda saa tisa usiku.

Kuacha oksijeni

Kuanzisha kunafundishwa, kuacha kunasahaulika. Nimekuta watoto wanakimbia wodini na mrija puani, wakati mtungi wa pekee ungeweza kwenda kwa mwingine. Mtoto akishatulia na kuimarika, mtoe kwenye oksijeni dakika chache kila siku huku ukimwangalia. Akibaki juu ya 90, acha. Mpime tena baada ya nusu saa, kisha kila saa tatu siku hiyo ya kwanza. Akishuka, mrudishie, hujashindwa chochote.

Na wakati wa kukabidhiana zamu, "yuko kwenye oksijeni" haitoshi. Iandikwe: 94 kwa lita moja, mirija ya puani, imesafishwa saa sita, bila oksijeni alishuka hadi 87. Anayepokea zamu atajua aanzie wapi.

Mafunzo yanayoshika

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitufundisha jambo kubwa kuhusu mafunzo yenyewe. Wahudumu wake walipewa kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Hapo ndipo wakaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, kila wiki, pale pale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Ile ilikuwa kazi ya mfuko wa kusukumia hewa, si ya mtungi, lakini mkono unaosahau ni ule ule.

Kwa sababu hiyo siku hizi sipendi kuanzia ukumbini. Kwenye wodi moja ninayokwenda mara kwa mara tuna boksi la kadibodi chini ya meza: kikombe, mirija mitatu ya ukubwa tofauti, kichupa kile cha maji, mpira mrefu, oksimita. Kila Jumatano saa nane mchana, zamu mbili zinapokutana, muuguzi mmoja anaharibu kitu kimoja kwa makusudi. Analegeza mfuniko, anaukunja mpira chini ya godoro, anachomeka kibanio cha mtu mzima. Mwenzake ana dakika tano za kuifuata hewa mpaka kikombe kibubujike. Wanaharibu kwa zamu, na yule kijana wa kichupa ndiye mwenye mitego migumu kuliko wote. Wiki iliyopita aliziba tundu moja la mrija kwa uji uliokauka, na ilituchukua dakika nne kuligundua.